Nyibol Haanzii Getini

Jumapili, Lodwar. Joto limeingia kabla sijamaliza chai, na feni inazungusha hewa ileile ya moto. Lakini leo sina malalamiko. Nimeamka nikijiamini kuliko nilivyojiamini wiki nzima.

Jana tulionyesha gemu yetu Kakuma.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ndiye ninayeandika programu, rafiki yangu Achol ndiye anayechora. Achol ni wa Sudan Kusini, amekulia katika kambi ya Kakuma. Gemu inamfuata msichana anayeitwa Nyibol, anayemtafuta mbuzi wa kwao aliyepotea humo kambini. Ni gemu ndogo, lakini kila kichaka cha miiba ya mathenge kilichomo Achol amekichora kwa mkono wake.

Ijumaa nilifika kwao tufanye majaribio ya mwisho. Achol akabonyeza kitufe cha kuanza, na Nyibol akatokea nje ya geti la kambi, mbele ya kibao kikubwa, akitazama ua wa waya na foleni ya watu. Nilikuwa nimemweka hapo tangu mwanzo. Katika programu tunayotumia, unachukua alama ndogo yenye mshale na kuiweka popote chini. Mchezaji ataanzia hapo, akitazama upande unaoelekezwa na mshale. Ni kazi rahisi mno, ndiyo maana sikuwahi kuifikiria.

Achol aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Akiru, huyu anafanya nini huko nje?"

"Anaingia kambini."

"Kwao ni humu ndani. Mbuzi amepotelea humu ndani. Anaingia akitoka wapi?"

Nikamweleza kwamba mchezaji anahitaji kuiona kambi kwanza, ajue yuko wapi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wageni wenye kamera ndio huanzia hapo. Mimi sijawahi kuamkia getini."

Nilikuwa nimemsimamisha Nyibol mahali niliposimama mimi, siku yangu ya kwanza Kakuma.

Hata hivyo nilibisha. Maonyesho yalikuwa kesho yake asubuhi, na nilijua tukigusa mwanzo, kitu kingine kitaharibika. Achol hakupandisha sauti. Alisema kama ni hivyo niende nikaonyeshe peke yangu, bila michoro yake.

Hakuwa akinitisha. Alikuwa ameamua.

Basi nikamuuliza tumweke wapi. Akanionyesha ua aliouchora kwa kuutazama ua wao wenyewe, pale mama yake mdogo anapopika mikate myembamba ya kisra asubuhi. Nikaihamisha alama. Nikabonyeza. Nyibol akazama ardhini na kuendelea kuanguka, chini kabisa, kusiko na kitu.

Ugonjwa huo naujua. Ardhi ya uani iko juu kuliko ya getini, nami nilikuwa nimeacha kimo cha zamani, kwa hiyo msichana alikuwa anazaliwa chini ya udongo. Nikampandisha. Nikazidisha, akatua juu ya mabati. Achol akaanza kucheka, na mama yake mdogo akaja kuchungulia skrini, akauliza huyo mtoto amepanda huko kutafuta nini. Nikamshusha mpaka nyayo zikawa juu ya mchanga kidogo tu, akatua vizuri, ila sasa alikuwa ameuelekea ukuta.

"Anaamka anaangalia ukuta?" mama mdogo akauliza. "Ageuke asalimie watu."

Nikaugeuza mshale uelekee jikoni. Maelekezo ya mwanzo niliyaandika upya, na nyayo za mbuzi, zile anazozifuata mchezaji, nikazisogeza zianzie mlangoni. Hakuna kilichoharibika. Kazi hii naiweza, na sioni aibu kuiandika.

Jana ukumbini, wa kwanza kucheza alikuwa dada mmoja Mkongo. Nyibol alipotokea uani, yule dada hakwenda popote. Akazunguka jiko, akachungulia sufuria, akarudi tena kwa mama anayepika. Nikadhani hajaelewa la kufanya, nikakaribia kumwambia atoke nje, lakini Achol akanishika mkono.

"Hapa ni kama kwetu kabisa," dada akasema, bila kumwambia mtu yeyote. Kisha akaziona nyayo na kutoka.

Alikwama mara moja kwenye ua wa mathenge. Kosa langu, nitalirekebisha. Mwishowe alimpata mbuzi, na watu waliokuwa wamesimama nyuma yake wakaanza kubishana nani anafuata. Hakuna aliyeuliza kambi iko wapi.

Asubuhi hii Achol amenipigia simu. Anasema gemu ya pili iwe ya Lodwar, na yeye atachora nitakachomwambia. Halafu akaniuliza, wewe utaanzia wapi?

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria. Sitaanzia kilimani ambako wageni hupigia picha, wala kwenye barabara kuu. Nimefungua ardhi mpya, tupu, kwenye programu, na nimeiweka alama nyuma ya nyumba yetu, kwenye kivuli, mama anapokaa kusuka vikapu vya majani ya mkoma. Mshale unamwelekea yeye.

Yupo hapo sasa hivi, namwona dirishani. Hajui bado kwamba yumo ndani ya gemu. Nitamwambia tukikaa kula.