Marando ya Mama Bado Yako Hai

Mayu, mama yangu,

Nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, hapa bondeni karibu na kisima chako. Neema amelala kwenye kanga, kivulini. Marando yako ya viazi yako hai. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Nimekula. Unga ni wetu, karanga zetu, mlenda wetu, kuku wakitaga tunakula mayai. Dukani nafuata chumvi, sabuni na kiberiti, basi. Wapitao njia ya Isikizya huniambia, "Wewe una raha, hununui kitu." Nawachekea tu. Hawajui kiangazi tunakipitishaje.

Maana mbegu ya kiazi haikai kwenye kibuyu kama mahindi. Mbegu yake ni hilo rando lenyewe, shina na majani yake, na sharti liwe hai penye unyevu, linyweshwe asubuhi na jioni mpaka mvua zirudi. Ukisafiri kidogo tu na jua la Oktoba, umeua. Halafu mvua ya kwanza ikinyesha, kijiji kizima kinakuja kukata, na bure, kwa sababu kwetu marando hayauzwi. Ulikuwa ukiwaambia, "Kateni, ila msing'oe." Mimi nasimama nyuma yako najivuna, mama yangu anaombwa na kila mtu.

Nilikuwa mtoto. Sikuona kuwa umefungwa kamba.

Nakumbuka mdogo wako alipoolewa Mwanza. Ulishonesha gauni la maua. Asubuhi ya safari ukalivaa, ukashuka huku bondeni kumwagilia, ukarudi ukalivua, ukalikunja. "Nani atayanywesha?" ulisema. Ukampa mtu wa lori mfuko wa matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemshwa na kukaushwa, ampelekee bibi harusi. Nilipokuuliza kama imekuuma, ukanijibu, "Wanaume wa Unyamwezi tangu enzi za kubeba pembe za ndovu mpaka pwani ni watu wa njia. Mwanamke ni wa tuta." Ukacheka. Macho hayakucheka, niliyaona.

Tangu tukuzike, tuta ni langu, mama. Baba Neema yuko Tabora mjini, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, amepanga chumba Isevya. Huja akipata nafasi. Safari iliyopita alifika mchana na mkate mkononi. Neema akamwendea, akapiga goti vizuri kama nilivyomfundisha kwa wageni. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akaitikia. Akauweka mkate chini, akanigeukia. "Mama Neema, mimi hapa ni mjomba wa nani?"

"Mtoto huyo, atakuzoea."

"Atanizoea vipi, yeye huku mimi kule? Njooni. Chumba kipo."

"Na marando?"

"Kwani marando ndiyo yaliyokuoa?"

Niliuokota mkate, nikaupeleka ndani. Alipoondoka niliendelea kumwagilia, nikawa naona kila rando linavyotambaa, linakita mizizi popote linapogusa udongo, nikajisemea, na mimi hivyo hivyo.

Jirani yetu Mama Shija alikuwa amesikia yote, ua la mabua halifichi neno. Kesho yake akaja.

"We Mama Neema, nipe mimi hiyo kazi, uende kwa mumeo."

"Utaiweza?"

"Mama yako naye aliniuliza hivyo hivyo. Siku ile ya harusi nilimwomba nimshikie. Akaniambia mkono wangu unaua mimea, akabaki."

Mama, hilo hukuniambia. Miaka yote nilijua hukuwa na mtu wa kukushikia. Nimeligeuzageuza neno hilo siku nyingi, sikukasirika, ila nimekuonea huruma, kisha nikajionea na mimi. Kwa maana hata mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkatalie.

Sikumkatalia. Jumamosi tunapanda gari la Tabora, mimi na Neema. Baba yake anasema nyuma ya chumba kuna kijisehemu kama mkeka, nitapanda mchicha na nyanya, kuishi bila kupanda sijui. Mvua zikija na marando yakawa yamekufa, watu watanisema, na wewe huko uliko labda utaungana nao. Nakuomba usiungane nao. Mtoto wangu anahitaji baba kuliko kijiji kinavyonihitaji mimi.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya Mama Shija. Yuko hapo mbele yangu na kopo. Anamwaga mengi mno, tena juu ya majani badala ya shinani. Nimechukua kalamu nikuandikie ili mikono yangu ipate kazi, isije ikamnyang'anya.

Pumzika, mayu. Nakupenda.

Mwanao,
Mama Neema