Kasa Aliyechelewesha Posa ya Waruguru

Akello, uko? Siamini yaliyotokea leo Kamenu kwa kina Waruguru.

Wageni wa posa wamefika kutoka Ruiru. Kina mama wamewazuia getini kwa nyimbo, kama ilivyo desturi, wakingoja baba yake Waruguru, Mzee Wainaina, aseme wafunguliwe. Mzee hakusema. Alikuwa sebuleni, amevaa suti, akicheza mchezo wa kompyuta wa mjukuu wake. Ule wa kasa mdogo anayetafuta njia chini ya bahari.

Nyimbo zikaisha. Zikaanza upya.

Waruguru akamwendea. "Baba, wageni wako getini."

"Nimesikia. Kasa amekwama pangoni."

"Baba, huo ni mchezo wa watoto. Hawezi kufa."

"Ndiyo maana siwezi kumwacha."

Akello, amesema hivyo. Ndiyo maana siwezi kumwacha.

Nje, Philip, mjomba wa Calvince anayeposa, alikuwa ameshawasha gari. Waruguru aliona ndoa yake ikirudi Ruiru. Akabeba kompyuta hadi getini, yeye mwenyewe anayeposwa, baba yake akimfuata na chaja mkononi.

Philip akashuka, akatazama kioo cha kompyuta kupitia vyuma vya geti. "Mzee, sogeza lile jiwe la kushoto kwanza. Sasa pindua kombe la chaza."

Kasa akatoka.

"Wafungulieni," Mzee akasema. "Na kijana wenu, naye anaujua mchezo huu?"

"Calvince? Hajui lolote."

Mzee akafikiri. "Basi binti tutampa. Lakini Jumapili uwe unakuja wewe."