Gunzi Lililopindisha Mnara

3 Machi

Shikamoo Babu,

Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima. Ofisi yetu imepewa kazi ya kukagua kanisa lenu. Kitabu cha parokia kinasema mnara umeinama kwa sababu ardhi ilizama wakati wa ujenzi. Mkuu wangu anasema kama bado inazama, mnara ubomolewe kabla haujaua mtu. Uamuzi ni mwisho wa mwezi. Wewe ulikuwepo. Unakumbuka nini?

Mjukuu wako

9 Machi

Mke wangu (bibi yako asiione hii),

Marahaba. Magoti yanalia kuliko kengele, ila mdomo mzima.

Hicho kitabu kimedanganywa. Kaa chini nikwambie.

Nilikuwa kibarua. Fundi alikuwa juu anapanga matofali, mimi chini naangalia timazi, ile shaba inayoning'inia kwenye uzi kuonyesha kama ukuta umenyooka. Siku moja nimechuchumaa kwenye choo cha padri, timazi ikanichomoka mfukoni, chubwi! Ningesema ningefukuzwa, na mama alikuwa ananitegemea mimi. Basi nikafunga gunzi la hindi kwenye uzi. Jepesi, upepo unalipeleka unakotaka, na mimi napaza sauti, "Sawa, fundi!"

Alipogundua, tulishapita madirisha. Akaliangalia gunzi, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akakalia ndoo ya zege. Padri alipokuja kufoka, fundi akasema, "Baba, ardhi imezama kidogo, sasa imetulia." Padri akaandika. Mimi nikabaki kazini, nikawa fundi, ndiyo maana mama yako alisoma na wewe ukasoma.

Sasa sikiliza. Siku ya kupandisha kengele, fundi alisukumia vipande vya tofali chini ya ncha moja ya boriti inayobeba kengele, ikalala sawasawa ingawa mnara umeinama. Panda na pima maji, kile kifaa chenye povu, ukiweke juu ya boriti. Boriti ikiwa bado sawa, mnara haujasogea tangu siku ile. Ikiwa imeinama, bomoeni, na dhambi ni yangu.

Babu yako

26 Machi

Mjukuu wangu,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Kengele ikilia nahesabu kama ndiyo ya mwisho. Hata kula sili vizuri. Naongopa, nakula, lakini sifurahii.

Babu

30 Machi

Shikamoo Babu,

Nisamehe, mkuu alitaka tupime mara tatu. Mara zote tatu povu la pima maji lilikaa katikati, boriti iko sawa. Mnara haubomolewi!

Halafu, pale chini ya boriti, kwenye saruji, kuna alama ya gunzi. Mtu alilikandamiza saruji ikiwa mbichi. Vishimo vya punje vinahesabika.

Mkuu anauliza, kitabuni turekebishe vipi?

Mjukuu wako

4 Aprili

Mke wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Kumbe fundi yule alinicheka huko juu miaka yote hii, na mimi nilikuwa napita chini nimevua kofia! Nimecheka, kisha nikalia, bibi yako akadhani ni magoti.

Andikeni yote, na choo msikiruke. Mwishoni andikeni: fundi alidanganya ili kibarua asifukuzwe, na kibarua bado anamshukuru.

Babu yako, kibarua