Siku Deni la Babu Yako Lilipokufa

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Sisi hapa Kisaka ni wazima, na mahindi yameanza kubeba.

Unashangaa kwamba jina la kizungu la kulipa deni kwa awamu mpaka liishe lilitoka kwenye neno la kale la kuua. Mimi sishangai. Babu yako aliponioa hakuwa na ng'ombe wa kutosha, basi baba yangu akakubali alete mmoja kila baada ya mavuno. Alipomfikisha wa mwisho, baba akamwambia, "Deni limekufa, mwanangu. Sikudai tena."

Mavuno yaliyofuata babu yako akatokea kwa baba pamoja nami, mikono mitupu.

"Umesahau nini?" baba akauliza.

"Nimekuja kukusalimu tu, baba."

Baba akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai niliyowawekea ikapoa.

Bibi yako,
Gati