Mukaguzi Wako Sasa Anasafiri Bila Flashi

Kaka Bahati,

Huko uliko nadhani umeme haukatiki, basi soma mpaka mwisho.

Mukaguzi amekubaliwa. Ile programu yako ya Python, inayosoma mafaili ya mipangilio na kugombeza watu kabla mashine haijakwama, sasa imo ndani ya Linux yenyewe, ule mfumo wa kompyuta wa bure. Hatuibebi tena kwa flashi kutoka kambi ya Nakivale hadi Kabingo. Mutu popote anaandika amri moja tu, inakuja.

Kuifunga pakiti, ndiyo Linux iipokee na kuigawa, nilijifunza kama ulivyonifunza mengine: kwa kukosea. Mara ya kwanza ilikataa kabisa, kwa sababu majaribio uliyoiwekea ya kujipima yalitafuta faili lililokuwa kwenye laptopu yako peke yake. Mipangilio ya vyombo vya kwaya! Nilicheka. Nikalia kidogo. Nikarekebisha.

Halafu ikaja leseni. Wanaopitia pakiti, watu wa kujitolea wa mbali, waliuliza mwenye programu aliruhusu nini. Nikawatumia maneno uliyoandika juu kabisa ya programu: "Kila mutu atumie, lakini asiniletee kelele." Wakajibu kwa adabu kwamba hiyo si leseni, mwandishi aandike upya. Nikawaambia mwandishi ameshazikwa, hajibu barua pepe. Kusema kweli hata ulipokuwa hai hukuzijibu. Wakasema basi mrithi wako atoe ruhusa kwa maandishi, la sivyo pakiti haiingii.

Nikaenda Ruti, fasi mke wako Mama Furaha anauza vitenge siku hizi. Niliogopa, Kaka. Tangu matanga hatukuwa tumeitaja kazi yako, na unakumbuka laptopu ile alikuwa anaiita mke mwenza. Nikamfasiria leseni fupi ya kawaida: chukua, tumia, badilisha, gawa, ikikuharibikia usinilaumu. Akanitazama kama mteja aliyeletewa kitenge kilichopauka.

"Dokta, si ni yale yale Bahati alisema? Hao wazungu wako wamemaliza ukurasa muzima!"

Akatia sahihi. Sharti lake moja: maneno yako yasifutwe. Hayakufutwa, yako chini ya leseni, yamekaa kama mwenye nyumba.

Jana, pale cyber ya Kabingo, nilimweka Mukaguzi kwenye mashine ambayo haikukujua kamwe. Nikampa faili nililoandika mwenyewe, kwa majivuno. Akasema: "We dokta bila diploma, angalia mustari wa tisa!" Jina ulilonipa mimi, kumbe uliliweka mule. Sasa dunia nzima itaitwa hivyo, na mimi nilidhani ni langu peke yangu. Mustari wa tisa, bila shaka, ulikuwa na kosa.

Kila pakiti ina nafasi ya jina la aliyeandika. Hapo upo. Chini yake kuna nafasi ya mutu wa kupelekewa malalamiko. Hapo nimejiandika mimi.

Lala salama, Kaka. Watu watumie. Kelele zao waniletee mimi, na nakuahidi, mimi nitajibu.

Dokta wako