Somo la Limiti Nililosifiwa Bure

Jumatano usiku

Lakini jana nilikuwa Kasenga, mbali na hapa, tangu asubuhi hadi usiku. Watu wote wa msibani waliniona.

Kapinga, mjukuu wangu anayeniita Nkambo, anataka kusoma fizikia chuo kikuu, ila diploma yake ya sekondari ni ya biolojia na kemia. Fakulte, yaani kitivo, inamdai kwanza jaribio la hesabu, Ijumaa hii. Limiti, yaani vikomo vya hesabu, zilimshinda kabisa, na asiyejua limiti hawezi kueleza hata kasi ya papo hapo ya jiwe linaloanguka. Nilirudi Lubumbashi leo mchana na hofu hiyo.

Nikamkuta anazitatua zote bila kosa.

"Nani alikuelezea?"

"Nkambo, si ni weye? Jana ulisimama pa mulango, ukakatala kuingia. Ukasema limiti iko kama muntu anakaribia mulango: kila mara anapita nusu ya njia yenye inabakia, lakini hafike."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mfano huo ni mzuri. Sijawahi kuutumia.

Ningemwambia ukweli, angekosa usingizi hadi Ijumaa. Nikajibu tu, "Eh, njo vile."

Naogopa, nakiri. Ila integrali, hesabu za kujumlisha vipande vidogo mno, bado zinamsumbua, na mimi sijui kuzieleza vizuri hivyo. Kesho nitatoka nyumbani mapema, nichelewe kurudi, nimwachie nafasi yule wa mlangoni.