Mashine Aliyoichomoa Mama Bhoke

Jumamosi, alasiri. Sirari imelowa tangu jana na matope yamefika kizingitini. Niko ofisini peke yangu, sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, na mbele yangu kuna mashine inayowaka taa nyekundu.

Shajara, leo sina pa kujificha.

Wiki mbili nzima nimewachosha wenzangu kwa habari za mashine hii. Sisi ni ofisi ndogo ya kutoa mizigo mpakani, watu wanne tu, na hati za miaka sita zilikuwa zimetawanyika kwenye kompyuta tatu. Kutafuta karatasi za lori moja mnaulizana hadi mnakasirikiana. Nikamshauri bosi wetu, Mzee Chacha, tununue kisanduku cha kuhifadhia mafaili, kikae kwenye mtandao wa ofisi na kila mtu achote akiwa mezani kwake. Akakubali. "Mura, kijana wangu, wewe ndiye unayejua," aliniambia. Kichwa kikanivimba.

Kisanduku kina diski mbili. Siku ya kukiwasha kiliniuliza: kila faili liandikwe kwenye diski zote mbili, moja ikifa nyingine ibaki nalo? Au diski ziunganishwe ziwe moja kubwa? Nilichagua kubwa. Nilitaka Mzee aone nafasi ilivyo tele.

Halafu nikafanya ujinga ambao hata kuuandika naona aibu. Sikunakili mafaili. Nilikata na kubandika, yasibaki kwingine kokote, ili kompyuta zibaki nyepesi na kazi iishe kabla ya Jumamosi.

Jana mchana mafaili ya mwisho yalikuwa bado yanahama, nikatoka kupeleka hati forodhani. Mvua ikanikuta hukohuko, na ngurumo zake.

Ofisini alikuwepo Mama Bhoke. Huyu anatufagilia na kutupikia chai tangu mimi sijaajiriwa. Mwaka ule radi ilipounguza televisheni ya ofisi, Mzee Chacha mwenyewe aliagiza kwamba ngurumo ikianza, kila kitu kichomolewe ukutani. Wengine wote tulishasahau agizo hilo. Mama Bhoke huacha hata chai ikichemka. Tunamtania kwamba anaisikia radi ikiwa bado Isebania, ng'ambo ya mpaka.

Jana alichomoa vyote. Mimi sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kisanduku.

Nilipochomeka tena, diski moja haikuamka. Fundi wa Tarime mjini ameniambia kwa simu nisijipe matumaini, kwa sababu diski zilizounganishwa namna ile moja ikifa zinakufa zote. Miaka sita ya hati. Forodha wakiziomba na Mzee akakosa cha kuwaonyesha, leseni yake iko mashakani.

Nilimfokea Mama Bhoke. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, nilimfokea mbele ya madereva wawili. "Nani alikutuma uguse mashine yangu?" Yeye alikuwa anakunja kitambaa cha kufutia meza, anakikunjua, anakikunja tena. Mzee akaingia, akauliza nani amechomoa, na papo hapo akamwambia Jumatatu asije.

Nami nikanyamaza.

Umeme wa hapa hukatika unapojisikia. Ungekatika wenyewe jana, hasara ingekuwa ileile. Mzee hajui kwamba nilikata badala ya kunakili. Hajui kwamba kisanduku kiliniuliza. Hajui kwa sababu naogopa. Nina mke, nina mtoto wa miezi mitano, na kazi nyingine sina. Nilimwacha mama wa watu abebe lawama kwa sababu yeye hawezi kubishana na mtu anayejua kompyuta. Najichukia kwa hilo kuliko kwa mafaili.

Sasa hivi simu imeita. Mama Bhoke. Nimeiangalia mpaka ikakatika. Ikaita tena, nikapokea nikijiandaa kutukanwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huku Nyarero kumeanza kuunguruma, na inaelekea huko. Hizo mashine umechomoa?"

Nilikuwa sijachomoa hata moja. Nimeinama chini ya meza nikazitoa zote, yeye akinisubiri kwenye simu. Nilipomwambia tayari, akasema haya, Mungu akulinde, akakata. Nimebaki sakafuni, machozi yananitoka.

Naandika haya kwa simu nikiwa mlangoni. Kwa Mzee Chacha ni mwendo wa dakika kumi, na nikisubiri mvua ipite najua nitapata kisingizio. Naenda hivihivi nilowe. Sijui Jumatatu nitakuwa na kazi au la. Lakini nitamwambia kwamba kisanduku kiliniuliza mimi, na Mama Bhoke alifanya alichoagizwa.